Mcheza Kwao na Mcheza kwa Watu: Ubishi Juu ya Albamu ya Kwanza ya The Clash

Mbele ya jalada wamesimama vijana watatu katika kichochoro cha Camden, London, wakimkazia macho mpiga picha kama watu waliozibiwa njia. Geuza jalada, utawakuta polisi wakikimbia. Picha ya mbele ni ya Kate Simon. Ya nyuma ni ya Rocco Macauley, naye aliipiga Notting Hill tarehe 30 Agosti 1976, siku ambayo kanivali ya Waingereza wenye asili ya visiwa vya Karibi iligeuka mapambano baina ya vijana weusi na askari, na zaidi ya polisi 100 wakajeruhiwa. Mpiga drams wa bendi, Terry Chimes, hayumo pichani kwa sababu alikwisha kuiaga bendi. Jina lake kwenye jalada limegeuzwa kuwa "Tory Crimes", kejeli inayogusa uhalifu wa chama cha Wahafidhina.

Hiyo ndiyo albamu iliyobeba jina la bendi yenyewe, The Clash. Ilitoka tarehe 8 Aprili 1977, nyimbo 14 ndani ya dakika 35 hivi, ikapanda mpaka nafasi ya 12 kwenye chati ya Uingereza. Tangu siku hiyo wasikilizaji wake hawajapatana. Wako wanaoshikilia kwamba panki ya Uingereza haijawahi kutoa kitu bora kuliko hiki. Wengine wanasema nyimbo ni nzuri ila zimerekodiwa kama bendi iko ndani ya pipa. Wako wasiosamehe mkataba uliosainiwa na kampuni kubwa, wako wanaokunja uso kwa sababu ya wimbo mmoja wenye jina la kutisha, na wako wanaouliza kwa nini vijana weupe waliuchukua wimbo wa rege wa Mjamaika na kuupiga kwa dakika sita. Juu ya yote hayo, Wamarekani wana albamu nyingine kabisa yenye jalada linalokaribia kuwa hilohilo.

Ukizisikiliza hoja hizo moja moja, utadhani ni kesi tano. Nimezirudia mara nyingi, na kila nikirudi naona ni kesi moja iliyobadilishiwa nguo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Wasikilizaji wa The Clash, kwa karibu nusu karne sasa, wanaulizana swali lililo upande wa pili wa methali hiyo: hawa vijana walikuwa wakicheza kwao, au kwa watu? Na kama ni kwa watu, nani aliwakaribisha uwanjani?

Sauti ya gereji

Tuanze na malalamiko ambayo mgeni wa albamu hii huyatoa mapema kuliko yote: sauti. Magitaa yanakwaruza. Drams ni kavu, hazina mwangwi. Sauti ya mwimbaji Joe Strummer inameza nusu ya maneno na kutema nusu nyingine, hata msikilizaji aliyezaliwa London hulazimika kurudisha nyuma mara mbili tatu ili ajue kimesemwa nini.

Ili kuelewa kwa nini sauti hiyo ilisikika kama tusi, kumbuka jirani zake. Mwishoni mwa 1975 bendi ya Queen, ikiongozwa na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ilitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo mmoja uliochukua takribani wiki tatu studioni, sauti zikipangwa juu ya sauti hadi kanda ikaanza kuchakaa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kazi safi. Tena ni Queen hao hao waliotakiwa kuhojiwa kwenye kipindi cha televisheni cha Bill Grundy tarehe 1 Desemba 1976. Walipojitoa, kampuni yao ikapeleka bendi ya Sex Pistols, wakatukana hewani, na kesho yake panki ikawa habari ya ukurasa wa mbele nchi nzima. Mlango ambao The Clash waliupitia ulifunguliwa kidogo na nafasi aliyoiacha wazi mtoto wa Unguja.

The Clash waliingia studio ya kampuni ya kurekodi ya CBS, mtaa wa Whitfield, mwezi Februari 1977. Walimaliza kazi yote kwa wikiendi tatu, kwa gharama ya pauni 4,000 hivi. Mtayarishaji wao, Mickey Foote, alikuwa fundi wa sauti wa maonyesho yao ya jukwaani, na hakuwa na albamu hata moja nyuma yake. Mtu anayesema kazi hii haikuiva anasema kweli kwa maana ya muda. Hailingani hata na ndugu zake wa panki. The Damned, walioitangulia kwa albamu yao ya Februari 1977, walikuwa na Nick Lowe kwenye mitambo. Sex Pistols, waliofuata mwezi Oktoba, walikuwa na Chris Thomas na Bill Price, na gitaa la Steve Jones lilirekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka likawa ukuta. Msikilizaji anayependa sauti nene huwakimbilia Sex Pistols, wala hakosei.

Wanaoitetea The Clash kwa kawaida hujibu kwamba ubovu huo ndio ukweli wenyewe: maisha yalikuwa makavu, basi na santuri ni kavu. Jibu hilo ni rahisi mno, na linamdhulumu mpiga gitaa Mick Jones. Vaa visikilizio vya masikioni usikilize tena. Gitaa la Jones liko sikio moja, la Strummer liko jingine, na hayapigi kitu kimoja. Strummer anakwangua mdundo bila kupumzika kama mtu anayepasua kuni. Jones anaingia mahali pengine, anaweka noti chache za kujibu, anatoka, anarudi kwenye kiitikio na sauti ya pili ya kuimba. Paul Simonon, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu tangu ashike gitaa la besi na aliyepaka alama kwenye shingo ya gitaa ili ajue noti ziko wapi, hapigi kitu asichokiweza. Chimes naye anapiga moja kwa moja bila madoido. Hapa kuna mpangilio uliofikiriwa. Chombo dhaifu kimepewa kazi kinayoiweza, na nafasi iliyobaki imeachwa wazi. Wanaosikia fujo wanasikia utekelezaji, na wanaosikia ustadi wanasikia mpango. Vyote viwili vimo.

Msikilizaji anayesema "hawajui kupiga" anasema, kwa maneno mengine, kwamba studio si kwao. Kauli hiyo waliisikia mapema. Baada ya onyesho kwenye jumba la sinema la Screen on the Green, Islington, tarehe 29 Agosti 1976, mwandishi Charles Shaar Murray wa jarida la NME aliandika kwamba bendi ya gereji kama hii irudishwe gerejini haraka, na injini ya gari iachwe inawaka. Kesho yake ndiyo siku ile ya Notting Hill. Kwa siku mbili mfululizo bendi ilipata mambo mawili yaliyokuja kuifunga albamu: tusi la mwandishi likawa wimbo wa mwisho, "Garageland", na moshi wa kanivali ukawa jalada la nyuma na wimbo wa kwanza waliouuza.

Karatasi ya CBS

Tarehe 25 Januari 1977 bendi ilisaini mkataba na CBS kwa pauni 100,000. Kwa nchi ambayo wasio na kazi walikuwa wamepita milioni moja, na serikali yake ilikuwa imetoka tu kukopa kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, hizo zilikuwa pesa nyingi. Mark Perry, mhariri wa Sniffin' Glue, jarida la mashabiki lililotengenezwa kwa taipureta na mashine ya kunakili, alitangaza kwamba panki ilikufa siku hiyo.

Watu wengi huishia hapo wanapomtaja Perry. Lakini miezi michache baadaye, albamu ilipotoka, mtu huyohuyo aliisifu katika jarida hilohilo, akaifananisha na kioo kinachowaonyesha vijana maisha yao. Sioni kigeugeu katika hilo. Perry alihukumu mambo mawili tofauti: karatasi iliyosainiwa, na sauti iliyotoka baada ya karatasi. Wasikilizaji wanaogombana leo kuhusu "usaliti" wa The Clash wangeokoa muda mwingi kama wangekubali, kama yeye, kwamba mtu anaweza kuchukizwa na mkataba na bado asiweze kuitoa santuri kwenye mashine.

CBS wenyewe waliuchochea moto. Mwezi Mei 1977 waliutoa "Remote Control" kama singo bila ridhaa ya bendi. Bendi ikajibu Septemba kwa "Complete Control", wimbo unaolalamika kuhusu jambo hilohilo, uliotolewa na CBS haohao, na faida ikaenda CBS. Anayetaka kuwacheka ana haki. Anayetaka kuwaheshimu naye ana haki, kwa sababu si bendi nyingi zilizompeleka mwajiri wao mahakamani mbele ya wateja wake.

Hapo ndipo huibuka suala la Strummer mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa ni John Graham Mellor. Alizaliwa Ankara, Uturuki, mwaka 1952, baba akiwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Utotoni aliishi Cairo, Mexico City na Bonn, na alipofikisha miaka tisa akaachwa shule ya bweni. Kwa wengine hilo linamaliza mjadala: mtoto wa mwanadiplomasia anaimba kuhusu foleni ya wasio na kazi kwa lafudhi aliyoiokota mtaani. Mchezo wa kuigiza.

Hoja hii ina uzito, ila inasahau kwamba bendi ni watu kadhaa. Sikiliza "Career Opportunities", wimbo wa dakika mbili hivi unaozitaja na kuzikataa kazi ambazo ofisi za ajira ziliwapa vijana. Miongoni mwa kazi hizo ni kufungua mabomu ya barua. Msikilizaji asiyejua ataiona kama kejeli tu. Lakini Mick Jones alifanya kazi katika ofisi ya ustawi wa jamii wakati mabomu ya barua yakihofiwa London kutokana na vita vya Ireland Kaskazini, na kijana mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa bahasha azifungue. Hapo kuna hasira ya mtu aliyeiona thamani ya maisha yake kwa macho yake, imefichwa ndani ya mstari mmoja unaopita upesi. Jones huyo alilelewa Brixton, kisha akakaa na bibi yake kwenye ghorofa ndefu iliyotazama barabara ya juu ya Westway, barabara ambayo taa zake na magari yake ndiyo "London's Burning".

Na Strummer je, kwao ni wapi? Ankara? Cairo? Bweni? Methali yetu ya mcheza kwao inadhania kila mtu ana uwanja wa nyumbani. Huyu hakuwa nao. Akajitengenezea kwenye nyumba zilizotelekezwa za magharibi ya London alizokalia pamoja na wenzake bila kulipa kodi. Anayemhukumu kwa kuwa hakuzaliwa maskini amepata ukweli wa cheti cha kuzaliwa. Swali la santuri linabaki palepale: je, alichokiimba kilikuwa cha kweli kwa walioishi mtaa ule? Jones na Simonon, waliokulia mitaa ya London, walisimama pembeni yake wakiitikia.

Jina la kutisha

"White Riot" ndio wimbo uliogawa watu kwa jina lake kabla hata haujaanza. Maana yake ya neno kwa neno ni ghasia za watu weupe. Strummer, Simonon na meneja wao Bernie Rhodes walikuwepo Notting Hill siku ile ya Agosti, na wimbo ulitoka humo. Ukisikiliza hoja yake, anawaambia vijana weupe kwamba wenzao weusi wamekataa kuonewa na hawaogopi kurusha jiwe, ilhali wao wamefundishwa shuleni kunyamaza na kutii. Ni wivu, na pengine ni aibu, ya anayemwona jirani amepata ujasiri ambao yeye hana.

Lakini wimbo hausikilizwi ndani ya maktaba. Husikilizwa mahali na wakati. Uingereza ya 1977 ilikuwa na chama cha kibaguzi cha National Front kikiandamana mitaani, na kilichokinenepesha kwa sehemu kubwa kilitoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na kama 28,000 kati yao wakaingia Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasielekee huko. Mwezi Juni 1976 kijana wa Kisingasinga aliuawa kwa kisu Southall. Mwezi Agosti mpiga gitaa Eric Clapton, akiwa jukwaani Birmingham, alimsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji, na kutaka wageni waondoke.

Sasa mfikirie aliyekulia Kampala au Nairobi, anayejua kununua ndizi kwa Kiswahili, anayepita mbele ya duka la santuri Leicester na kuona maneno hayo mawili dirishani. Ana sababu gani ya kusubiri ubeti wa pili ili aelewe? Anayemtetea Strummer kwa kusema "soma mashairi vizuri" anamdai msikilizaji subira ambayo mitaa haikuwa nayo. Na si wageni tu waliokosea. Wapo vijana weupe wa mrengo wa kulia waliolipenda jina na kuuimba kiitikio kwa maana yao.

Mimi nashika msimamo huu: wimbo una nia njema na jina baya, na mtunzi anawajibika kwa vyote viwili. Strummer aliijua hatari hiyo kutoka nyumbani. Kaka yake David alivutiwa na National Front kabla ya kujiua mwaka 1970. Na bendi haikuacha mashairi yajitetee yenyewe. Kauli za Clapton zilizaa harakati za Rock Against Racism, na tarehe 30 Aprili 1978 The Clash walipiga Victoria Park, mashariki ya London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokuja kuupinga ubaguzi. Waliupiga "White Riot" palepale. Kwa waliokuwepo, maana ya wimbo ilikamilika siku hiyo, mwaka mzima baada ya santuri kutoka.

Wageni nyumbani kwa rege

Wimbo wa 12 ndio ninaoupeleka mbele kila ninapoulizwa kwa nini albamu hii inadumu. "Police and Thieves" ni wa Junior Murvin, uliorekodiwa mwaka 1976 katika studio ya Black Ark ya Lee "Scratch" Perry, Kingston. Murvin anauimba kwa sauti nyembamba ya juu, kama anayelia usingizini, na kiangazi kile ulisikika kila kona ya Notting Hill. The Clash waliurudia kwa dakika sita, katika albamu ambayo nyimbo nyingi hazifiki tatu.

Maoni yaligawanyika kuanzia kwa wenyewe. Murvin hakufurahi. Inasimuliwa kwamba alilalamika wameiharibu kazi ya Jah, Mungu wa Marasta. Lee Perry yeye aliupenda, akakubali kuwatayarishia "Complete Control" mwaka huohuo. Bob Marley, aliyekuwa London, akatunga na Perry wimbo wa "Punky Reggae Party", na The Clash wakatajwa ndani yake. Kwa hiyo ukisema rege iliporwa, mwenye wimbo yuko upande wako. Ukisema rege ilitukuzwa, mwenye studio yuko upande wako. Kura haiwezi kuamua.

Basi turudi kwenye masikio. Katika rege gitaa hukaa kwenye mapigo ya kati, lile "chka" linaloangukia pale mguu unapoinuka. Bendi ya roki inayoiga rege huiga hilo kwanza, na mara nyingi hutoka kama mtalii aliyevaa kanzu kwa ajili ya picha. Hapa Jones alipanga kitu kingine. Gitaa moja linaangukia juu ya pigo, zito na la roki. La pili linaangukia kati ya mapigo, kama rege. Ukisikiliza kwa visikilizio utayasikia yakipokezana: huku, kule, huku, kule, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Simonon, aliyekulia katikati ya vijana wa Karibi Brixton na Ladbroke Grove, anabeba besi, na hapa ndipo mahali pekee katika albamu ambapo besi inaongoza. Strummer hajaribu kumfuata Murvin kwenye sauti ya juu. Anabaki kwenye koo lake la mchanga.

Hawajifanyi Wajamaika, na hawaufuti Ujamaika wa wimbo. Tofauti yao na wenyeji imeachwa isikike wazi, gitaa moja la kwetu na gitaa moja la kwenu, na wimbo unatembea kwa sababu magitaa hayo hayaangukii mahali pamoja. Mgeni mwenye adabu hukaa alipoonyeshwa na hutoa alichokuja nacho. Hapo The Clash walicheza kwa watu, wakacheza kama watu wanaojua hivyo.

Albamu ipi hasa?

Msikilizaji wa Marekani huenda amesoma mpaka hapa akashangaa baadhi ya mambo. Epic, tawi la CBS huko, walikataa kuitoa albamu mwaka 1977 kwa kuona sauti yake haifai redio. Wapenzi wakaiagiza kutoka Uingereza, na zaidi ya nakala 100,000 zikaingia kwa njia hiyo, kiasi kilichowaaibisha wenye kampuni. Walipoitoa mwezi Julai 1979, albamu ya pili ilikuwa imekwisha kutangulia madukani, kwa hiyo kwa Wamarekani wengi kifungua mimba alizaliwa baada ya mdogo wake.

Tena hakuzaliwa akiwa mzima. "Deny", "Cheat", "Protex Blue" na "48 Hours" ziliondolewa. Zikaingizwa nyimbo tano za baadaye: "Clash City Rockers", "Complete Control", "(White Man) In Hammersmith Palais", "I Fought the Law" na "Jail Guitar Doors", mpiga drams akiwa Topper Headon, fundi wa daraja jingine kabisa. "White Riot" nayo ikabadilishwa: Waingereza wana ile iliyorekodiwa kwa majaribio huko Beaconsfield, Wamarekani wana ya singo. Na katika albamu yenye wimbo unaosema wamechoshwa na Marekani, Wamarekani wakaingiziwa "I Fought the Law", utunzi wa Mmarekani Sonny Curtis. Hata mpangilio una kicheko chake, kwani "Remote Control" inafuatwa papo hapo na "Complete Control". Kosa la kampuni na malalamiko dhidi ya kosa hilo vimewekwa bega kwa bega na kampuni yenyewe.

Ndiyo maana mabishano mengi baina ya wapenzi wa pande mbili za Atlantiki hayafiki popote. Anayesema albamu ina sauti nene na nyimbo zenye kina hana masikio mabovu, ana santuri nyingine. Ukipima wimbo kwa wimbo, ya Marekani inashinda. "Complete Control" na "Hammersmith Palais" ni miongoni mwa kazi bora za bendi. Ukipima kama albamu, ya Uingereza inashinda, kwa sababu ni watu walewale, katika mwezi mmoja, wenye ujuzi uleule mdogo, na hata nyimbo dhaifu kama "Protex Blue", iliyochukua jina lake kwenye kondomu zilizouzwa kwa mashine, zina kazi ya kukuonyesha mtaa.

Lakini ile ya Marekani ina jambo moja ambalo ya Uingereza haina, nalo ni jibu. Mwaka 1977 Strummer alikwenda kwenye onyesho la rege la usiku kucha katika ukumbi wa Hammersmith Palais. Aliyoyakuta hayakuwa yale aliyoyatarajia, na akajiona mzungu pweke katikati ya watu ambao hawakumngoja. Wimbo alioutunga kutokana na usiku huo, uliotoka Juni 1978, unaanza na aibu ya mgeni, kisha unawageukia vijana weupe wa panki wenyewe na kuwauliza wanafuata nini. Kile ambacho magitaa ya "Police and Thieves" yalikisema bila maneno, sasa anakisema kwa kinywa: najua niliposimama. Sijui kama mhariri wa Epic alikusudia, lakini aliyepanga albamu ile aliweka wimbo huo mara tu baada ya "White Riot". Jina baya na maungamo yake, mfululizo.

Garageland

Kuna wanaosema mjadala wote huu umepitwa, kwamba kipimo cha The Clash ni London Calling ya Desemba 1979. Hata jarida la Rolling Stone, katika orodha yake ya albamu 500 ya mwaka 2003, liliiweka London Calling nafasi ya 8 na hii ya kwanza nafasi ya 77. Sina ugomvi na hilo. London Calling ni kazi ya watu waliokwisha kupewa uwanja, na hakuna aliyewauliza tena walifikaje pale.

Albamu ya kwanza ndiyo iliyoulizwa, na inaulizwa bado. Matoleo yote mawili, la London na la New York, yamekubaliana katika jambo moja: yanafunga kwa "Garageland". Vijana waliosaini pauni 100,000 wiki chache nyuma, wakirekodi katika studio ya mojawapo ya kampuni kubwa za muziki duniani, wanamjibu mwandishi aliyetaka wafungiwe gerejini kwa kusema kwamba ndiyo, gerejini ndiko watokako. Strummer hakutoka gerejini. Ukitaka unaweza kumkamata hapo, na wengi wamemkamata. Mimi nasikia kitu kingine nyuma yake: gitaa la Jones likiingia pale la Strummer linapoacha nafasi, besi ya mtu aliyepaka alama kwenye shingo ya gitaa asipotee, na drams za mtu aliyekwisha kuaga, ambaye picha yake haikuwekwa. Wanne wasio na uwanja, wanapiga kana kwamba gereji hiyo ina anwani.